Kompyuta ya injini imekufa, au imesingiziwa?

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zimetoka kwa wenye pikapu za zamani, na karibu zote zinaulizia jambo moja: fundi kasema kompyuta ya injini imekufa, je, ninunue nyingine? Kompyuta hufa, hilo ni kweli. Lakini husingiziwa mara nyingi zaidi kuliko inavyokufa, na anayelipia kosa hilo ni mwenye gari. Kwa hiyo majibu yetu leo yataanza na mita ya kupimia umeme kabla ya kwenda dukani.

SWALI: Habari za kazi, mafundi wetu. Nina Hilux dabo kebini ya 2008, dizeli 2.5 D-4D. Ililala nje usiku wa mvua kubwa. Asubuhi stata inapiga vizuri lakini injini haishiki, na mashine ya fundi ya kusoma makosa ya kompyuta haisomi chochote. Fundi amesema kompyuta imeungua na tayari amenipatia nyingine ya mtumba. Kabla sijatoa hela naomba ushauri. (Msomaji wa kike, Mbeya)

JIBU: Dada yetu, shikilia hela yako kwanza. Fungua swichi hadi ON bila kupiga stata, kisha tazama dashibodi. Ile taa ya njano yenye mchoro wa injini inawaka? Ikiwaka, kompyuta inapata umeme na inafanya kazi kwa kiasi fulani, kwa hiyo kosa litafutwe kwingine. Isipowaka, na mashine nayo haipati mawasiliano, yamebaki mambo manne: kompyuta haipati umeme, au haina ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), au waya wake wa volti 5 umepiga shoti, au kweli imekufa. Matatu ya kwanza yanatoa dalili zilezile za la nne. Ndiyo maana la nne huaminiwa mwisho.

Betri ipimwe kwanza. Ikiwa imepumzika inatakiwa iwe na volti 12.4 au zaidi, na wakati stata inapiga isishuke chini ya 9.6. Baada ya hapo nenda kwenye fyuzi za injini, zilizomo kwenye boksi chini ya boneti. Itoe kila fyuzi na uipime kwa mita, kwa kuwa kuna nyufa ambazo jicho halizioni.

Sasa toa kasha la dashibodi upande wa abiria. Kompyuta ya Hilux hii iko nyuma yake. Ina njia nne za umeme, na ni vizuri fundi azijue kwa majina yaliyoandikwa kwenye michoro ya Toyota. BATT inatoka kwenye betri na ina umeme saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. IGSW hupata umeme ukifungua swichi. Kompyuta ikishaona umeme wa IGSW, yenyewe hutuma umeme kupitia MREL kwenda kuvuta rilei kuu (swichi inayowashwa kwa umeme), na rilei ikishika ndipo umeme mkubwa unaporudi kwa njia ya +B. Pima zote nne soketi zikiwa zimechomekwa, kwa kuingiza ncha nyembamba kutokea nyuma ya soketi, swichi ikiwa ON. Kila moja inatakiwa iwe na volti 11 hadi 14. Kama BATT na IGSW zina umeme, ethi ni nzuri, lakini MREL haitoi kitu, hapo shaka inaielekea kompyuta. Kama MREL inatoa lakini +B haina kitu, rilei, fyuzi au waya ndio wenye kosa, na kompyuta haihusiki.

Mita peke yake hudanganya. Waya uliooza ukabakiwa na nyuzi mbili tatu utaonyesha volti 12 kwenye mita, kisha ukashindwa kubeba mzigo. Kwa hiyo kwenye njia za umeme za BATT, +B na ethi, pima pia kwa balbu ya volti 12 ya wati 21, ile ya taa ya breki: chomoa soketi ya kompyuta na uilishe balbu kupitia waya wenyewe. Ikiwaka hafifu, waya au ethi ni mbovu. Njia ya +B utaipima hivyo kwa kuiruka rilei kuu kwa waya wa muda, maana kompyuta ikichomolewa hakuna wa kuivuta. Balbu hiyo isiguse kamwe waya za sensa, kwa sababu itavuta umeme mwingi kuliko zinavyoweza kutoa na utaua ulichokuja kuponya. Ethi, inayoitwa E1, ipimwe pia stata ikipiga: ncha moja ya mita kwenye E1, nyingine kwenye nguzo hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, fuata waya hadi unapofungwa kwenye bodi au injini, kwangua kutu, ukaze upya.

Tunaomba hapa ukae na fundi wako kwa utulivu, kwa kuwa ndipo kompyuta nyingi za Hilux zinaposingiziwa. Kompyuta hutengeneza volti 5, jina lake VC, na kuzigawa kwa sensa kadhaa kwa pamoja: sensa ya pedali ya eksileta, ya presha ya reli ya mafuta, ya presha ya hewa ya turbo, na nyinginezo. Sensa moja ikiingia maji ikapiga shoti, au waya mmoja ukachubuka ukagusa chuma, volti 5 zinashuka kwa wote. Kompyuta nayo inazima. Taa ya injini haiwaki, mashine haisomi, injini haishiki. Ukimpa mtu gari hilo bila kumwambia kitu, ataapa kwamba kompyuta imeungua.

Kupima ni rahisi. Chomoa soketi ya sensa ya presha ya hewa, yenye waya tatu, fungua swichi, pima kati ya waya wa VC na ethi ya sensa. Inatakiwa iwe kati ya 4.5 na 5.5. Ikiwa karibu na sifuri, funga swichi, chomoa sensa nyingine, fungua tena, tazama taa ya dashibodi. Endelea moja baada ya nyingine. Sensa ambayo ukiichomoa taa inawaka ndiyo mwenye kosa. Kama umezichomoa zote na volti 5 hazijarudi, ondoa ethi ya betri, chomoa soketi za kompyuta, na upime ukinzani kati ya waya wa VC na bodi: unatakiwa uwe kilo-omu 10 au zaidi. Ukiwa chini ya hapo, waya unagusa mahali. Ukiwa sawa, basi kosa liko ndani ya kompyuta, na sasa fundi wako ana haki ya kusema alichosema.

Kwa kuwa gari lako lilinyeshewa, chunguza pia maji yanaingiaje. Njia za kawaida ni raba ya kioo cha mbele iliyokauka, majani yaliyoziba matundu ya maji chini ya vipangusio, na bomba la maji ya kiyoyozi lililoziba, ambalo humwaga maji upande huohuo wa abiria. Chomoa soketi za kompyuta utazame pini. Ukiona ukijani, safisha kwa pombe ya isopropili na brashi laini, acha vikauke kabisa ndipo urudishe betri. Petroli usitumie, inalainisha plastiki na raba za soketi. Ukirudisha, panga waya ushuke chini kidogo ya soketi kabla haujapanda kuingia, ili tone linalofuata waya lidondokee sakafuni.

Na endapo taa ya injini inawaka vizuri na mashine ikaanza kusoma, ukakuta kosa P0200, ujue kuna boksi la pili. Hilux za D-4D za miaka hii zina kompyuta, na tena zina boksi la kuendesha nozeli (vipulizia mafuta) liitwalo EDU, la aluminiamu lenye mapezi, lililofungwa chini ya boneti ambako maji na joto vinalipata kirahisi. EDU hupandisha umeme juu sana kuliko wa betri, kwa hiyo usishike soketi za nozeli injini ikiwa inazunguka. Kabla ya kufunga EDU nyingine pima nozeli zote nne zikiwa baridi. Zile za koili zinatakiwa ziwe karibu na omu 1 kila moja, na zisiwe na njia yoyote kwenda kwenye bodi. Nozeli iliyopiga shoti itaiunguza na EDU mpya. Namba za spea za kompyuta ya injini ya Toyota huanza na 89661, za EDU huanza na 89871. Tazama namba kabla hujalipa, maana maboksi haya mawili huchanganywa madukani.

SWALI: Mafundi, hamjambo. Nilibadilisha kompyuta ya Hilux yangu 3.0 D-4D ya 2007 kwa nyingine ya mtumba. Kwanza haikuwaka kabisa, taa ya ufunguo ikawa inapepesa, fundi akaunganisha unganisha hadi ikawaka. Sasa inagonga kama mawe, inatikisika ikisimama na inatoa moshi. Injini ilikuwa nzima kabla ya hapo. Je, nimeuziwa kompyuta mbovu? (Msomaji wa kiume, Eldoret)

JIBU: Kaka, yawezekana kompyuta uliyonunua ni nzima kabisa. Ila imekuja na kumbukumbu za gari lingine, na injini yako inaendeshwa kwa vipimo vya nozeli za watu.

Kila nozeli ya injini hii ya 1KD (lita 3.0), na ya ndugu yake 2KD (lita 2.5), ilipimwa kiwandani na kupewa msimbo wa herufi na tarakimu 30, ulioandikwa kwenye kichwa chake. Msimbo unaiambia kompyuta nozeli ile inazidisha au kupunguza mafuta kwa kiasi gani katika kila presha, ili kompyuta isahihishe. Ukifunga kompyuta ya gari jingine, inasahihisha makosa yasiyokuwepo: silinda moja inapata mafuta mengi, nyingine kidogo, na muda wa kupuliza unayumba. Ndiyo kugonga na kutikisika unakokusikia. Kama kumbukumbu ni tupu, mara nyingi utakuta kosa P1601. Usiliendeshe hivyo kwenye mzigo. Pistoni za 1KD zinajulikana kwa kupasuka nozeli zikimwaga mafuta vibaya, na pistoni ni gharama nyingine kabisa.

Ondoa vilivyo juu ya injini hadi vichwa vya nozeli vionekane, vifute taratibu, na upige picha msimbo wa kila nozeli. Hesabu silinda kuanzia mbele, upande wa mkanda wa taimingi: 1, 2, 3, 4. Herufi zinazotumika ni A hadi F tu, pamoja na tarakimu, kwa hiyo alama ya mviringo ni sifuri au D, haiwezi kuwa O. Namba 8 na herufi B ndizo zinazokosewa zaidi. Kisha fundi mwenye Techstream, programu ya kupimia ya Toyota, au mashine nyingine inayoweza kuandika misimbo, aiingize kila mmoja kwenye silinda yake. Kama nozeli iliwahi kuhamishwa kutoka silinda 2 kwenda 3, msimbo unaifuata nozeli. Baada ya misimbo, aiambie kompyuta ianze upya kujifunza pampu ya mafuta. Halafu injini ipate moto wa kawaida, na iachwe izunguke yenyewe kwa dakika kadhaa, kiyoyozi na taa zikiwa zimezimwa, bila mtu kugusa eksileta.

Kama kompyuta ya zamani bado ilikuwa inasomeka siku ya kubadilisha, misimbo hiyo ingeweza kusomwa humo na kuandikwa karatasini kabla haijachomolewa. Mwambie yeyote atakayefuata.

Habari ya ile taa inayopepesa: gari lenye kinga ya wizi lina chipu ndani ya ufunguo, na injini haipati mafuta hadi chipu itambuliwe. Kuna Toyota ambazo kinga hiyo inakaa kwenye boksi lake dogo, mbali na kompyuta. Hizo hupatanishwa kwa kuunganisha tundu namba 4 na namba 13 la soketi ya kupimia kwa waya mfupi, kisha swichi inawekwa ON na kuachwa dakika 30 bila kuguswa, betri ikiwa na chaja. Namba 4 ni ethi, 13 ni waya wa kupimia uitwao TC. Ukikosea ukaingia namba 16 umegusa umeme wa betri moja kwa moja, kwa hiyo hesabu matundu mara mbili. Katika magari ambayo kinga imo ndani ya kompyuta yenyewe, waya huo hautoshi: data ya funguo inabidi iandikwe upya, au kile kidude cha kumbukumbu chenye miguu 8 kihamishwe kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya. Kama fundi wako alikata na kuunga waya bila kukueleza alichofanya, tafuta mtu azirudishe kama mchoro unavyotaka. Waya ulioungwa kwa kusokotwa ndio unaoiua kompyuta inayofuata.

Siku nyingine ukinunua, linganisha namba yote iliyo kwenye lebo hadi tarakimu ya mwisho. Kwa Hilux hizi inaanza 89661-0K, lakini zinazofuata ndizo zenye maana: gia za kawaida au otomatiki, aina ya nozeli, gari lenye kinga ya wizi au lisilo nayo, nchi lilikokusudiwa. Boksi likiwa na umbo lilelile na soketi zilezile halijawa lako. Namba ikitofautiana, ukubali tu pale orodha ya spea ya Toyota inapoonyesha kwamba namba mpya imechukua nafasi ya ile ya zamani. Na muuzaji akupe haki ya kurudisha kwa maandishi. Kwenye maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, na ya Gerezani, Dar es Salaam, hilo linawezekana ukiliomba kabla ya kulipa. Ukishalipa umechelewa.

Kufunga kwenyewe hakuna ugumu. Swichi OFF, ufunguo utolewe, ethi ya betri iondolewe, kisha subiri angalau sekunde 90 kabla hujaingiza mkono nyuma ya kasha, kwa sababu mfuko wa hewa wa abiria uko jirani na unabaki na umeme kwa muda. Gusa chuma cha bodi kwa mkono mtupu kabla ya kushika boksi. Fungua kufuli la kila soketi, usivute waya. Skrubu na nati ni za spana namba 10. Rudisha vifungio vyote hata kama vinakusumbua, maana boksi linaloning'inia hutikisika hadi soketi zinalegea. Ethi ya betri irudi mwisho kabisa.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mstaafu, nina Hilux ya 1995, dizeli injini ya 3L. Ilizimika barabarani haiwaki tena. Kijana amenipa bei ya "kompyuta". Nimeona niwaulize. (Mzee msomaji, Kigoma)

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Usimpe kitu. Injini ya 3L ina pampu ya mafuta inayofanya kazi kwa mitambo mitupu, haina kompyuta ya injini. Boksi dogo lililopo ni la kuhesabu muda wa plagi za kupasha moto, na hilo haliwezi kuzima gari likiwa njiani. Juu ya pampu kuna koili ndogo ya kukata mafuta yenye waya mmoja. Swichi ikiwa ON waya ule uwe na volti 12, na ukiuchomoa na kuuchomeka usikie "ta" ndani yake. Usiposikia, lisha koili moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa fyuzi ya ampea 10. Injini ikishika, kosa ni waya au fyuzi. Isiposhika na koili imenyamaza, badilisha koili. Ikigonga "ta" na injini bado haishiki, tafuta hewa kwenye mipira ya mafuta na kwenye pampu ya mkono iliyo juu ya chujio.

SWALI: Nina pikapu ya petroli ya miaka ya 1990. Ikiwa baridi inawaka kwa shida, ikipata moto inatulia, siku nyingine kinyume chake. Tulipofungua kompyuta tukasikia harufu kama ya samaki. Inatengenezeka au nitafute nyingine? (Msomaji wa kike, Mombasa)

JIBU: Harufu hiyo ndiyo jibu, dada. Ni maji ya kapasita, vidude vya kuhifadhi umeme, yaliyovuja. Kompyuta za Toyota, Mitsubishi na nyingine nyingi za kipindi hicho zina kapasita za aina ya mkebe mdogo, ambazo hukauka au kuvuja baada ya miaka mingi. Maji yake yanapitisha umeme na yanakula njia za shaba kwenye bodi ya ndani ya kompyuta. Ya mtumba utakayonunua ina umri uleule na kapasita zilezile, kwa hiyo tunashauri kuitengeneza hii kama njia za shaba bado zipo.

Kazi hii apewe fundi wa redio na simu mwenye mkono mtulivu, na si lazima awe fundi wa magari. Apige picha ya bodi kwanza, na aweke alama upande wa hasi wa kila kapasita, maana ikigeuzwa hupasuka. Mpya ziwe na mikrofaradi zilezile zilizoandikwa, volti zilezile au zaidi kidogo, na kiwango cha joto cha sentigredi 105. Zile za sentigredi 85 hazidumu ndani ya gari la Mombasa. Abadilishe zote, hata zinazoonekana nzima. Akishazitoa, asafishe bodi kwa pombe ya isopropili hadi harufu iishe, kisha akague kila njia ya shaba iliyokuwa chini ya kapasita kwa mita. Iliyokatika aiunge kwa uzi mwembamba wa shaba juu ya njia yake. Njia zikiwa zimeliwa hadi kwenye tabaka za ndani za bodi, au chipu kubwa ikiwa na doa la kuungua, hapo tafuta kompyuta nyingine, na hata hiyo ibadilishwe kapasita kabla ya kufungwa.

SWALI: Salamu kutoka Minneapolis. Nina Chevrolet C1500 ya 1990, V8 ya lita 5.7 yenye sindano za mafuta juu. Nimeweka kompyuta iliyofufuliwa kiwandani. Inawaka, lakini inatoa moshi mweusi, haina nguvu, na taa ya injini haizimi. Duka linataka nirudishe ile ya zamani. (Msomaji wa kiume, Marekani)

JIBU: Usiirudishe bado! Ndani ya ile ya zamani kuna kitu chako. Kompyuta za GM za kipindi hicho, na mara nyingi yako ni namba 1227747, huuzwa bila programu ya gari. Programu iko kwenye chipu iitwayo PROM, chini ya kifuniko kidogo, na inatakiwa ihamishwe kwa mkono kutoka boksi la zamani. Pembeni yake kuna kipande kingine, CALPAK, kinachoiwezesha injini kujikongoja PROM ikikosekana. Hicho nacho kihamishe.

Hakikisha kwanza. Chini ya dashibodi kuna soketi ya matundu 12. Injini ikiwa imezimwa, unganisha A na B kwa kipande cha waya, kisha swichi ON. Taa ya injini itapepesa namba: moja, kituo, mbili, yaani 12, mara tatu. Hiyo ni salamu ya mfumo, haimaanishi kosa. Baadaye zitafuata namba za makosa, kila moja mara tatu. Namba 51 ni PROM haipo, imekaa vibaya au ni mbovu. Namba 52 ni CALPAK. Namba 55 ni kompyuta yenyewe.

Ondoa ethi ya betri. Toa PROM pamoja na kibebeo chake kwa kunyanyua pande mbili kwa zamu, milimita kwa milimita, maana miguu yake hupinda. Kibebeo kina alama ya mkato upande mmoja, na kwenye soketi kuna alama kama hiyo. Zikutane. PROM ikiwekwa kinyume na swichi ikafunguliwa, inaungua palepale, na ile iliyotoka na gari lako kiwandani haitarudi. Bonyeza kibebeo hadi kikae sawa pembe zote, rudisha kifuniko, washa, soma namba tena. Ikibaki 12 peke yake, boksi tupu la zamani sasa ni la duka.

SWALI: Nataka kuchomelea keria na bamba la mbele kwenye Hilux yangu ya D-4D. Nimesikia mashine ya kuchomelea inaua kompyuta. Ni kweli? (Msomaji wa kiume, Dodoma)

JIBU: Ni kweli, na inaua pia EDU, altaneta na boksi la mfuko wa hewa. Umeme wa mashine hutafuta njia ya kurudi kupitia bodi, na ukikuta ethi ya kompyuta ni rahisi kuliko chuma chenye kutu, utapita hapo. Ondoa nyaya zote mbili za betri, hasi kwanza. Chomoa soketi zote za kompyuta na za EDU, uzifunike kwa mfuko wa plastiki zisiingie cheche. Kibano cha ethi cha mashine kifungwe kwenye chuma kilekile kinachochomelewa, sentimita chache tu kutoka mahali pa moto, na chuma kikwanguliwe rangi kwanza. Kisifungwe kwenye injini wala kwenye chesisi upande wa pili wa gari. Kama keria inaweza kutengenezwa pembeni na kufungwa kwa bolti, chagua hivyo. Kuna jambo jingine linalofanana na hilo: usikubali kuwashiwa gari kwa betri mbili za lori zilizoungwa volti 24, hata kwa sekunde moja.